Manati ya Nyamira: Somo la Uwindaji katika Milima ya Wagusii

Kwetu Pwani mtoto hufunzwa adabu za bahari mapema: asiende peke yake maji yakijaa, asiache ndoana mchangani, asichukue samaki wachanga. Adabu za kuwinda nchi kavu sikuwahi kuzifikiria, hadi likizo ya Disemba nilipomchukua mwanangu wa miaka 11 kwenda kumzuru dada yangu, aliyeolewa Nyamira.

Tulitoka Mombasa kwa treni, tukalala Nairobi, na asubuhi tukapanda gari la Kisii. Njia hupita mashamba ya ngano ya Narok, ikaja Bomet na Sotik, na ufikapo Keroka nchi imekwisha kubadilika: vilima nyuma ya vilima, chai iliyosawazishwa kama zulia, na migomba karibu na kila nyumba. Mjini Kisii tuliswali Adhuhuri pamoja na Waislamu wa huko, ambao si wengi. Miongoni mwao wamo Wanubi, ambao babu zao waliletwa na utumishi wa jeshi la Waingereza. Kisha matatu ya Nyamira ikatupandisha penye baridi, mwanangu akaomba sweta ya pili kabla ya Magharibi.

Siku ya tatu, vijana wa jirani walimtengenezea manati kwa panda ya mpera na mpira wa tyubu. Sikumkataza, niliona ni mchezo tu. Jiwe lake la kwanza lilipenya mashamba ya chai na kupita karibu na shavu la mama mmoja aliyekuwa akichuma. La pili lilimpata tetere, likamvunja bawa. Mwanangu alikuja mbio, ndege akimtetema mkononi. “Mama, nimewinda! Ni halali?”

Kabla sijajibu, baba mkwe wa dada yangu aliinuka kwenye kigoda chake. Ni mzee wa Kigusii, si Muislamu, lakini ana adabu ambayo wengi wetu tungeitamani.

“Mjukuu wangu, ulimwona yule mama kabla ya kurusha?”

“La, Babu.”

“Basi hukuwinda. Umerusha jiwe tu.”

Maneno yale yaliniaibisha mimi kuliko mtoto, kwani dini yetu imelisema jambo hili zamani. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kurusha vijiwe ovyo, kwa kuwa havipati windo wala havimdhuru adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Akakataza pia kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Na katika Suratul Maida, mnyama aliyekufa kwa kipigo ametajwa pamoja na mizoga. Jiwe la manati halikati, huponda. Ndege akifa kwa pigo lake haliwi, hata kama mrushaji alisema Bismillahi. Akidirikiwa yu hai na akachinjwa, hapo ndipo huwa halali kidini.

Hata hivyo, nchi nayo ina sheria yake. Mzee alitueleza kwamba utotoni mwake vilima hivi vilikuwa na vichaka, na wazee walitoka na mbwa na mikuki. Hata wakati huo kulikuwa na mipaka. Ukoo wa Abagirango, kwa mfano, humheshimu chui kama mnyama wa ukoo. Kisha watu wakaongezeka, vichaka vikawa mashamba, na wanyama wakubwa wakatoweka. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imekataza uwindaji wa burudani na hata ule wa kutafuta kitoweo. Nasi Waislamu tunajua kuzuiliwa windo kwa muda na mahali: aliyehirimia Hija au Umra haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu, ingawa mnyama huyo ni halali siku nyingine.

Tulimweka tetere ndani ya kikapu na maji kidogo, tukitaraji atapona. Alfajiri tulimkuta amekufa. Mwanangu alimzika chini ya mgomba, wala hakutaka chai.

Mzee hakumwacha na huzuni ile. Alimwita shambani, ambako fuko walikuwa wakimaliza viazi vitamu chini kwa chini. “Huyu anakula chakula cha nyumba,” alisema. “Njoo ujifunze kazi, si mchezo.” Alifukua njia ya fuko, akatega kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye ufito uliopindwa. Fuko hapendi njia yake iwe wazi. Ajapo kuiziba hugusa kizuizi, ufito ukafyatuka, kitanzi kikakaza.

Lakini nusu ya somo haikuhusu kutega. Kila mtego uwekewe kijiti chenye kitambaa, na majirani waambiwe, asije mtoto akatia mguu. Mtego ukaguliwe asubuhi na jioni, mnyama asiteseke humo. Akipatikana hai, amalizwe upesi na mtu mzima. Asishikwe kwa mikono mitupu, na mikono ioshwe kwa sabuni. Sumu isitumike, kwa kuwa bundi au paka akila kilichokula sumu naye hufa, ilhali hao ndio wasaidizi wa mkulima. Na kazi ikiisha mitego yote ihesabiwe, ing’olewe, mashimo yafukiwe.

Nilisimama pembeni nikisikiliza. Mama wenzangu, sisi huwauliza watoto wetu warudipo, “Umepata nini?” Mzee yule alikuwa akimfundisha wangu kuulizwa kwanza, “Ni nani aliyekuwa mbele yako?” Mtoto asiyeweza kujibu hilo hajafikia kupewa manati, seuze silaha iliyo kubwa zaidi.

Jioni nilimchukua mwanangu hadi kwa yule mama mchuma chai, akaomba radhi mwenyewe. Mama alicheka, akamshika shavu, akatupa fungu la chinsaga, mboga ambayo sisi huiita mgagani. Tuliila usiku ule kwa ugali wa wimbi.

Siku ya kuondoka, begi likiwa tayari mlangoni, mwanangu hakuonekana. Nilimkuta shambani na Babu yake, wakihesabu vijiti vyenye vitambaa. Vilikuwa sita, na mitego iliyong’olewa ilikuwa mitano. Gari lilitungoja mpaka wa sita ulipopatikana.