Nimerudi Mazoezini, Ila Mateke Nimeyaacha

Ujanani nilicheza taekwondo, mchezo wa Korea wenye mateke ya juu. Sasa nina miaka 47, na goti langu la kushoto hulia ka! kila nikipanda ngazi. Niliposema nataka kurudi mazoezini, mke wangu alicheka: "Baba watoto, utavunjika!"

Karate nayo ina mateke. Nikachagua judo, iliyoanzishwa na Kano Jigoro huko Japani mwaka 1882. Humo hufunzwa kwanza kuanguka: kidevu kifuani, mkono ukipiga mkeka. Hilo ndilo lililonivuta, kwani mwaka jana mama yangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Jumamosi nilianguka mara 30. Goti lilinyamaza; mgongo ndio uliolalamika, nao kidogo tu.