Kanumba Alipokuwa na Umri Wetu

Mdogo wangu ana miaka 17, yuko Kidato cha Tatu kule Kilwa Masoko, na anataka kuwa mwigizaji na mwanamitindo. Hatanii. Asubuhi za Jumapili anakwenda ufukweni Jimbiza kupigwa picha na wenzake, na picha zenyewe, kiukweli, ni kali. Juzi kati kuna mtu asiyemjua alimwandikia Instagram: tuma elfu themanini ya usajili, kisha panda basi uje Dar, nafasi ya tamthilia ipo. Hela hakutuma, maana hakuwa nayo. Mama ndiye aliyenipigia: "Wewe ndo mwalimu mtarajiwa, ongea na mwenzio."

Jibu la haraka tunalijua wote: soma kwanza, hayo mengine baadaye. Ila mimi nasomea ualimu, na nawajua kaka na dada waliomaliza digrii hii hii na bado wanasubiri ajira. Siwezi kumwambia mtoto kwamba kusoma ni njia ya uhakika na kuigiza ni kamari, halafu nilale usingizi. Basi nikaamua kuyaangalia vizuri maisha ya mtu anayemtaja kila siku: Steven Kanumba.

Alizaliwa Shinyanga Januari 1984. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Mimi nilikuwa shule ya msingi, mdogo wangu bado anashika kanga ya mama. Nakumbuka watu wazima wakilia mbele ya runinga siku ya kumuaga viwanja vya Leaders, kabla hajazikwa Kinondoni. Kwetu alikuwa mtu wa kibanda umiza: unalipa shilingi mia, unakaa kwenye benchi, unamwona amevaa suti.

Sasa piga hesabu. Filamu ya Dar 2 Lagos, aliyoigiza na Wanijeria akiwemo Mercy Johnson, ni ya mwaka 2006. Alikuwa na miaka 22, umri wangu leo. Mimi nasubiri bumu, yeye alishavuka mpaka.

Hapo ndipo wengi tunaposema "nyota" au "bahati". Lakini kabla ya hapo alianza kuigiza kanisani, kisha akapita Kaole Sanaa Group, kundi lililokuwa likirusha michezo yake ITV. Kwenye kundi unafanya mazoezi, unakosolewa mbele za watu, unapewa kipande kidogo kabla ya kikubwa. Hata Wema Sepetu, Miss Tanzania wa 2006 aliyekuja kuigiza na Kanumba, hakuokotwa barabarani. Taji la taifa linatanguliwa na mashindano ya ngazi za chini. Wote walikuwa na ngazi ya kupanda.

Na juu ya ngazi nako si raha tupu. Enzi za DVD wasanii wengi waliuza filamu kwa msambazaji kwa malipo ya mkupuo. Nakala zikiuzwa mpaka Lindi na Mtwara, wao wameshamaliza kulipwa. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, COSOTA ipo, lakini aliyekwisha kusaini kuuza haki zake zote anabaki na jina tu. Kanumba aliliona hilo, akawa na kampuni yake mwenyewe, Kanumba The Great Film. Hiyo ni akili ya biashara, na haionekani kwenye picha ya Instagram.

Kwa hiyo tatizo la mdogo wangu si ndoto yake. Kati ya Jimbiza na skrini hakuna ngazi hata moja, ndiyo maana tapeli mwenye simu anaonekana kama mlango. Kilwa tumezoea vitu kuondoka: pweza, korosho, gesi ya Songo Songo iliyoanza kwenda Dar kwa bomba mwaka 2004. Watoto nao wanajifunza kwamba ukitaka kuwa kitu, uondoke haraka.

Wanaualimu wenzangu, hapa tunahusika. Sekondari tulisoma Ngoswe ya Edwin Semzaba. Tulikariri dhamira, wahusika, mandhari. Tamthiliya imeandikwa ichezwe, lakini darasani kwetu hakuna aliyesimama akawa Mazoea hata kwa dakika tano. Jukwaa la kwanza la mtoto wa Kilwa lilikuwa mezani kwake, nasi tukaligeuza maswali ya mtihani.

Nilimpigia mdogo wangu. Nilimwambia anayekutaka kazini anakulipa, hakutozi. Nikamwambia asisaini karatasi yoyote kabla hajaisoma mpaka mwisho, na hiyo pekee ni sababu tosha ya kumaliza Kidato cha Nne. Sikumwambia aache. Aliuliza, "Sasa nianzie wapi?"

Mwezi wa saba tunakwenda field, na mimi nimeomba kupangiwa Kilwa. Nitafundisha Kiswahili asubuhi, na jioni mbili kwa wiki madawati yatasogezwa ukutani, Ngoswe ichezwe. Mapazia tutashona ya kanga. Mwenye filimbi au ngoma ya kuazima tafadhali anitafute kabla hatujafunga chuo.