Wapagazi wa Bagamoyo na jina la Kariakoo

Ratiba za wageni wa mikutano jijini Dar es Salaam hufanana. Siku mbili tatu ndani ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, kisha siku ya mwisho basi linawapeleka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 60 kaskazini. Huko huonyeshwa magofu ya Kaole na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na kusimuliwa habari za wapagazi waliobeba pembe za ndovu mabegani kutoka bara. Jioni foleni ya Tegeta inawarudisha hotelini wakiwa hoi.

Ni safari nzuri. Ila habari ya wapagazi haikuishia Bagamoyo, na sehemu yake iliyobaki iko karibu na ukumbi wenyewe. Mzazi anaweza kuifuata na watoto asubuhi ya Jumapili bila kukodi basi.

Aanzie Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kisha aende hadi Sanamu ya Askari, Barabara ya Samora. Ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari ameshika bunduki yenye singe. Maandishi chini yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawataja wapagazi pia, lakini mzigo hauonekani popote. Mtoto akiuliza mpagazi yuko wapi, aelekezwe magharibi, ng'ambo ya Mnazi Mmoja.

Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, eneo hilo lilitumiwa na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi. Wenyeji wakaita Kariakoo. Farasi na ng'ombe waliuawa na ugonjwa wa mbung'o, magari yakakwama kwenye matope, hivyo risasi, unga na majeruhi vikabebwa na watu. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Chanzo kimojawapo mama yeyote anakielewa: watu waliozoea vyakula vingine walipewa unga wa mahindi, mara nyingi ukaliwa haujaiva, na maji safi hayakuwepo. Pakiti za ORS zinazouzwa leo kila duka la dawa zingeokoa wengi.

Kariakoo ina mengine. Mtaa wa Lumumba ndipo TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954. Jengo la soko, lenye paa la miavuli ya zege, lilichorwa na msanifu Beda Amuli miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021, likafanyiwa ukarabati. Lakini watoto watavutiwa zaidi na vijana wa mikokoteni wanaopiga kelele wapishwe, na wengine wenye magunia kichwani. Wachukuzi hao ndio maonyesho yenyewe, na hakuna tiketi.

Jumapili watu ni wachache kuliko siku za kazi, hata hivyo mkono wa mtoto usiachwe. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, kofia pia, na matunda yaliyokatwa barabarani yasubiri siku nyingine. Kigari cha mtoto hakipiti. Mdogo abebwe mgongoni.