Nyuso Zilizofichwa: Uhusika katika Red vs. Blue

Mhakiki aliyezoea kumtafuta mhusika katika uso wake hukwama mbele ya Red vs. Blue, mfululizo wa vichekesho ulioanza Marekani mwaka 2003 na kukoma mwaka 2024, ambao mwanzoni ulirekodiwa ndani ya mchezo wa video wa Halo. Askari wake wamefunikwa nyuso. Hutofautishwa kwa rangi ya deraya na kwa sauti. Anayesema hujulikana kwa kutikisa kichwa. Uhusika umebebwa na mazungumzo.

Kila kikosi kina mgawanyo wa majukumu, na tabia hulisaliti jukumu. Sarge, kiongozi wa Wekundu, humchukia Grif, askari wake mvivu, kuliko adui. Simmons hujipendekeza kwa mkubwa. Upande wa Buluu, Caboose, ambaye akili yake ni fupi, anamuua Church, mwenzake, kwa kombora la kifaru pasipo kukusudia.

Ni rahisi kuwaita wahusika bapa na kuwapuuza. Lakini msimu wa sita, wa mwaka 2008, unafichua kwamba uhasama wao ulipangwa ili wawe zana za mazoezi ya askari wengine. Kumbe ubapa ule ni wa waliowagawia rangi na vyeo. Katika kipindi cha kwanza Simmons anamwuliza Grif kwa nini wako pale; Grif anadhani ni falsafa, kumbe mwenzake ameulizia korongo tu. Kicheko kile, kikikumbukwa baadaye, huuma.