MAGADI YA MAMA NA TAA YANGU

Ama kweli msiba haubishi hodi! Jioni moja muhula uliopita, kesho yake tukiwa na jaribio la kemia, taa yetu ya sola ilizimika kabisa. Fundi wa redio pale sokoni Kenyenya aliifungua, akatikisa kichwa. "Betri ya lithiamu imekufa. Mpya itakula karibu bei ya taa nzima." Mama hakusema kitu. Nikarudia koroboi, na katika jaribio nikapata alama 31.

Mpenzi msomaji, sisi wa shule ya kutwa tukifika nyumbani kila mtu na taa yake. Basi jambo hilo la betri halikunitoka kichwani. Katika jedwali la elementi, chini tu ya lithiamu, nani amekaa? Sodiamu! Na si hata jikoni kwetu ipo, katika magadi anayotia Mama ili maharagwe yaive upesi? Huko Ziwa Magadi, Kajiado, kuna kampuni ya kuyachimba iliyoanzishwa mwaka wa 1911.

"Mbona basi tusitumie sodiamu?" nilimuuliza mwalimu wa kemia. Alicheka, akaniambia wenzetu walishaanza: mwaka wa 2021 kampuni ya CATL ya Uchina ilitangaza betri ya sodiamu. Taabu ni kwamba ayoni ya sodiamu ni nene kuliko ya lithiamu, haipenyi vizuri katika grafaiti. Bati (si mabati ya paa!) huipokea kwa wingi, lakini hufura mara kadhaa, kisha hupasuka. Kwa hivyo wataalamu hulisaga likawa chembe za kupimwa kwa nanomita, yaani milimita iliyogawanywa mara milioni, wakazizungushia kaboni kama kokoto ndani ya udongo wa ukuta. Zikifura, kaboni inazishika.

Tena kuna kaboni ambayo matabaka yake yameachana kidogo, hata peke yake inaipokea sodiamu. Mwaka wa 2014 watafiti wa Kanada waliitengeneza kwa maganda ya ndizi. Ndizi, jamani! Hapa Gusii tunawatupia ng'ombe.

Jumamosi nilishindilia maganda mkebeni, nikafunika, nikatia motoni. Moshi ukajaa jikoni. "Momura, wataka kutuchomea nyumba?" Mama aling'aka. Nilipata makaa ya kujaa kiganja. Kumbe yanahitaji joto la zaidi ya digrii 1,000, bila hewa, na jiko letu halifiki hapo. Makaa ningali nayo chini ya kitanda. Mkebe Mama ameshauchukua, anawekea chumvi.