Jukwaa lisilo na kiingilio: jioni moja Mnazi Mmoja na Kariakoo

Kipupwe kimeingia. Jua la Dar es Salaam limepunguza ukali, upepo wa kusi unapita baina ya maghorofa, na watoto wako likizo. Katika siku kama hizi wazazi wengi hujiuliza wawapeleke wapi watoto ilhali mfuko umekauka. Sisi tumepata jibu letu, nasi tunapenda kuwashirikisha wasomaji wa ukurasa huu.

Jumamosi iliyopita, baada ya Swala ya Alasiri katika Msikiti wa Kitumbini, tulitoka kwa miguu, wazazi wawili na watoto watatu, tukaushika Mtaa wa Uhuru kuelekea Mnazi Mmoja. Mkobani tulikuwa na maji, visheti vya nyumbani na nauli ya kurudia. Kila mtoto alikuwa na shilingi elfu moja yake mfukoni.

Tulipofika tuliketi kivulini tukawasimulia watoto habari za mahali pale. Wajerumani waliugawa mji huu kwa kanuni za ujenzi: eneo la Wazungu, eneo la biashara walikokaa Wahindi wengi, na eneo la Waafrika. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliendeleza mgawanyo huo kwa kuacha ukanda mtupu baina ya Uhindini na Kariakoo, ili Mwafrika akae mbali na wenziwe. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja. Hata jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita ile.

Lakini uwanja uliowekwa ili kuwatenga watu ndio uliowakutanisha. Ng'ambo yake, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na wananchi wakaja uwanjani hapa kusikiliza hotuba za kudai uhuru. Hapa Waislamu wamesoma Maulidi na kuswali Idi, na watoto wa mjini wamekuja na nguo mpya kusherehekea sikukuu. Hakuna aliyeulizwa tiketi. Mtu alikuja na miguu yake na masikio yake, akasimama penye nafasi.

Tulivuka Lumumba tukaingia Kariakoo, na huko tukakuta mchezo wenyewe. Pembeni mwa mtaa watu walikuwa wamefanya duara. Katikati alisimama bwana mmoja mwenye kipaza sauti, na miguuni pake palikuwa na kisanduku cha mbao kilichofungwa kamba. Ndani yake, alisema, yumo nyoka atakayesimama wima na kuwaamkia wakubwa.

Wasomaji, bwana yule alikuwa fundi! Aliigiza mzee mwenye maumivu ya mgongo akipanda daladala. Papo hapo akawa konda anayemhimiza, kisha akawa mama mwenye kapu anayegombea kiti. Mchuuzi wa maji, mpagazi aliyetua gunia, binti wa chuo na bibi aliyeshika mkono wa mjukuu wake, wote walicheka pamoja. Tulitazama duara lile tukaukumbuka ukanda mtupu wa Waingereza.

Kila alipokaribia kufungua kamba, alikumbuka jambo. Mwisho alikumbuka unga wake wa kutibu mgongo, macho na tumbo, pakiti shilingi elfu moja. Kabla hatujamwona, mwanetu wa kati alikwishanyoosha mkono na kulipa. Muda si mrefu bwana yule akakitia kisanduku kwapani, akaondoka.

"Baba, na nyoka je?" mtoto aliuliza.

Hatukumgombeza. Tulimkumbusha namna Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji aliyeificha aibu ya bidhaa yake. Tukamweleza pia kwamba dawa isiyojulikana haiingii kinywani, na unga ule tukautupa.

"Lakini alinichekesha," alisema. "Kicheko nacho kilikuwa cha uongo?"

Hapo sisi wazazi wenyewe hatukuafikiana. Baba aliona kwamba mchezo wote ulikuwa chambo, na samaki hamshukuru mvuvi. Mama aliona kwamba kicheko kilikuwa halali, na kwamba laiti bwana yule angepitisha kofia na kuomba ujira wa uigizaji wake, angestahili ile elfu moja bila kumdhulumu mtu. Dada mtu alihitimisha: "Basi hiyo ilikuwa kiingilio, ila hakutuambia mapema."

Mjadala huo ulitufikisha Msikiti wa Manyema kwa Magharibi, na nyumbani uliendelea hadi chakula cha usiku. Ni lini mara ya mwisho watoto wetu walibishana nasi juu ya haki ya muuzaji na mnunuzi, badala ya kuinamia simu?

Kwa hiyo hatusemi msiende, bali nendeni nao. Tokeni baada ya Alasiri, shikaneni mikono penye msongamano, ficheni pesa vizuri, na kubalianeni mapema mahali pa kukutana ikiwa mmoja atapotea. Mitaa hii ina maonyesho ya bure kila siku, lakini mtoto anahitaji mtu wa kumsaidia kupambanua sanaa na ulaghai.

Jumapili asubuhi tulimkuta mwanetu sebuleni na boksi la viatu lililofungwa kamba, ndugu zake wameketi mbele yake. Alimwigiza konda, mzee na mama mwenye kapu. Kisha, bila kuuza chochote, akalifungua boksi. Ndani mlikuwa na mkanda wa baba, umeviringishwa vizuri, nao uliwaamkia wakubwa.