Treni Haina Usukani

Mwaka jana, katika somo la istilahi, tulipewa kazi iliyoonekana ndogo: kila mwanafunzi achague chombo kimoja cha kwao na kukiandikia mwongozo wa matumizi kwa Kiswahili. Wenzangu walichagua mbabula, pasi, simu. Mimi nilichagua treni ya kuchezea ya nkambo wangu.

Nkambo aliendesha treni za umeme kati ya Lubumbashi na Tenke mpaka alipostaafu. Reli ilifika katika mji wetu mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, na yeye husema hivyo kana kwamba alikuwapo. Ile treni ndogo aliletewa kutoka Ulaya na mwenzake wa kazi. Imepunguzwa mara 87, na reli zake zimeachana milimita 16.5. Siku aliyoipokea aliipima, akacheka: reli zetu zina upana wa milimita 1067, kwa hiyo treni yetu ikipunguzwa hivyo ingetaka milimita 12 tu. "Hii ni treni ya Wazungu," alisema, lakini aliipenda.

Treni ya namna hii hula umeme kupitia reli. Transfoma hushusha umeme wa ukutani hadi volti 12 hivi, ikaupeleka chanya katika reli moja na hasi katika reli ya pili. Magurudumu huuchukua na mota huzunguka. Ukigeuza chanya na hasi, treni hurudi nyuma. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, transfoma ikaungua. Miezi michache baadaye miguu ya nkambo nayo ilichoka. Alianza kushinda katika kiti karibu na dirisha, na treni ikabaki juu ya meza, hatua nne kutoka kwake, ikishika vumbi.

Basi nilitaka mambo mawili: treni itembee bila umeme wa ukutani, na nkambo aiendeshe bila kuondoka kitini. Yaya yangu hutengeneza simu katika soko la Kenya. Alinipa betri mbili za lithiamu zilizotoka katika kompyuta kuukuu, kila moja na kipenyo cha milimita 18. Tuliweka moja katika kila behewa la mizigo na kuziunganisha zifuatane. Zikijaa, zinatoa volti 8.4. Hazifiki 12, lakini treni ya mzee haihitaji mbio. Tulinunua chipu mbili za ESP8266, zinazowasiliana kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Moja iliingia katika behewa pamoja na chipu ya kuendeshea mota. Nyingine ikakaa ndani ya kiboksi cha plastiki chenye kitufe kimoja cha kuzungusha.

Jaribio la kwanza lilitoa moshi. Tulikuwa tumeunganisha nyaya mpya kwenye mota bila kukata zile za zamani zinazotoka kwenye magurudumu, na transfoma iliyokufa ilikuwa bado imefungwa kwenye reli. Umeme wa betri ulishuka magurudumuni, ukapita relini na ndani ya transfoma, ukarudi kwa njia fupi. Chipu ya mota ikaungua. Yaya alinunua nyingine kwa pesa yake, naye hana pesa nyingi. Safari hii tulikata kila waya kati ya mota na magurudumu. Reli zikabaki chuma tupu, kazi yake kushika njia.

Siku ya pili ilitembea. Nilifurahi mno, nikabeba kiboksi hadi uani kuwaonyesha majirani. Ukuta ulizuia mawimbi. Treni iliendelea na amri ya mwisho iliyopokea, ikafika mwisho wa reli, ikaanguka sakafuni. Nkambo alikuwa akiangalia kutoka kitini na hakuweza kusimama kuidaka.

Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Na kama ile radio inakatika, treni inapaswa kufanya nini?" Nilinyamaza. Ndipo akanieleza kwamba katika treni yake kulikuwa na pedali. Dereva hukaa akiikanyaga. Akizimia au akifa, mguu unalegea, na treni inafunga breki yenyewe. Treni haingoji mtu aseme simama. Inasimama kila mara ambapo hakuna mtu anayeendelea kusema nenda.

Usiku ule nilibadilisha programu. Kiboksi sasa hutuma amri mara kumi kwa sekunde. Behewa lisiposikia kitu kwa nusu sekunde, mota huzimwa. Niliongeza kitufe cha kushikilia kwa kidole gumba, mfano wa pedali yake.

Kisha nikamsomea rasimu ya mwongozo wangu. Sentensi ya kwanza ilikuwa: "Kidhibiti mbali hiki huongoza treni." Nilijivunia "kidhibiti mbali", kwa sababu nyumbani sote husema telekomande. Nkambo hakujali neno hilo. Alikataa kitenzi.

"Treni haina volan, mutoto wangu. Reli njo inaongoza. Miye nilikuwa naiendesha tu."

Nimesoma unyambulishaji wa vitenzi miaka mitatu. Naweza kuandika ubaoni kwamba "endesha" ni "enda" lililotiwa kiambishi cha usababishi: kufanya kitu kiende. Lakini kwa kuwa tunasema kuendesha gari, nilidhani kitenzi hicho kina usukani ndani yake. Hakina. Treni yenyewe ilikuwa imenionyesha jambo hilo nilipozikata zile nyaya, nami sikuliona.

Niliandika upya: "Shikilia kitufe ili treni iende. Ukikiachia, itasimama. Ukiwa mbali mno nayo, itasimama pia." Mwalimu aliandika pembeni kwamba mwongozo ni mfupi kuliko ya wengine. Ni kweli.

Jumapili iliyofuata nkambo alikishika kile kiboksi. Mkono wake hutetemeka, lakini kidole gumba hakikuteleza. Treni ilizunguka meza polepole mpaka betri zilipoanza kuchoka. Pale reli zinapogawanyika sikuwa nimeweka mota yoyote, njia hubadilishwa kwa kidole. Kwa hiyo nilisimama kando ya meza, nkambo akiniitia kutoka dirishani njia anayoitaka: Likasi, Tenke, Likasi tena. Yeye aliendesha, mimi nikaongoza, na mara mbili aliniambia nimechelewa.